Wajukuu wa Babu Juma 🤲 (hitma Jumapili)

*Alhamisi*

Da Zuhura 19:42
Assalaam alaykum jamaa. Hitma ya Babu ni Jumapili baada ya Laasiri, uwanjani kwa Bi Mkubwa. Kikundi kina watu 31, waliotoa mchango ni 4. Sitaji mtu.

Da Zuhura 19:43
Khamis.

Khamis 19:43
Umesema hutaji 😂

Da Zuhura 19:45
Mchele kilo 40 upo. Nyama kilo 15 bado. Mabusati Maryam. Baada ya hitma darasa dakika 10, mtu mmoja, basi. Nani?

Maryam 20:31
Waalaykum salaam. Mabusati nshaazima. Hilo darasa naomba liwe la watoto. Khalid anahifadhi sura ya Tabaraka. Jana kamuuliza mwalimu wake chuoni, biyadihil mulk, mkononi mwake umo ufalme, kwani Mungu ana mkono? Kaambiwa anyamaze. Kaja kwangu, nami nikamwambia kamuulize baba yako.

Khamis 20:32
Na baba yake?

Maryam 20:32
Kamwambia kalale.

Yussuf 20:40
Swali zuri mashallah. Allah kasema anao, nasi tunathibitisha kama alivyosema. Hatumfananishi na kiumbe wala hatuulizi vipi. Naweza kulisemea mimi Jumapili in shaa Allah.

Ami Mbarouk 20:52
Mtoto wa miaka 8 ukimwambia "anao ila usiulize vipi" usiku ataota vidole. Sisi tulisomeshwa sifa 20 za Mungu. Wujudi, yupo. Qidamu, hana mwanzo. Baqau, hana mwisho. Mukhalafatu lil-hawadithi. Hiyo ya nne ndiyo jibu lake, hafanani na chochote kilichoumbwa. Mkono hapo ni milki na uwezo. Hata sisi twasema nyumba iko mkononi mwa fulani, na fulani hajaibeba.

Khamis 20:53
Ya Malindi iko mkononi mwa nani ami 👀

Da Zuhura 20:53
KHAMIS.

Yussuf 20:59
Ami, kwa heshima zote, hesabu ya sifa 20 ilipangwa na wanazuoni waliokuja baadaye. Masahaba hawakuihesabu. Taha aya ya 5 iko wazi, Ar-Rahmanu alal arshi stawaa, Mwingi wa rehema kalingana juu ya arshi. Na yule mjakazi Mtume ﷺ alimuuliza Allah yuko wapi, akasema mbinguni, bwana wake akaambiwa amwache huru, huyo ni muumini. Iko kwenye hadithi za Imamu Muslim.

Ami Mbarouk 21:06
Na Shura aya ya 11 umeiweka wapi? Laysa kamithlihi shay'un, hakuna kitu mfano wake. Mahali penyewe ni kiumbe. Kabla mahali hapajaumbwa?

Da Zuhura 21:07
Haya, tumeanza. Siku ya arubaini mliishia hapa hapa kwenye "wapi". Shehe wa watu kaondoka hajatia tonge mdomoni. Mpishi kaja kusikiliza, pilau likaungua.

Khamis 21:08
Ukoko ule nilikula mie. Haukuwa na kasoro.

Da Zuhura 21:10
Na turubali la siku ile nililipa mimi, 120,000. Aliyesema "andika kwangu" anajijua.

Nasra Maskati 21:20
Jamani mie nakuja na mama mkwe. Nyote mnajua wao ni Ibadhi, madhehebu yao husema Mungu haonekani hata Akhera. Nawaomba hilo la kumuona Mungu Akhera lisiguswe. Harusini Yussuf alimsomea ilaa rabbihaa naadhira, nyuso zikimtazama Mola wake, naye akamrudishia laa tudrikuhul abswaar, macho hayamfikii, akamwongeza na Nabii Musa alivyoambiwa lan taraanii, hutaniona. Tuliporudi, njia nzima hakunisemesha.

Yussuf 21:22
Niliulizwa, nikajibu.

Nasra Maskati 21:22
Uliulizwa kama utakunywa chai.

Said Mombasa 21:33
Imamu Malik aliulizwa hiyo istawaa, akainamisha kichwa mpaka jasho likamtoka. Akasema kulingana kunajulikana, vipi hakujulikani, kuamini ni wajibu, kuuliza ni bidaa. Kisha akaamuru muulizaji atolewe nje.

Khamis 21:34
Kwa hiyo Khalid atolewe nje?

Maryam 21:34
Mwanangu muache.

Da Zuhura 21:36
NYAMA. Nani nyama?

Rukia 22:05
Bibi kaniambia niandike anavyosema, nisipunguze:

"Nimesomewa yote. Siku ya arubaini mimi nilikuwa ndani, eda haijaisha, dirisha wazi. Nilisikia kila neno lenu. Mungu yuko wapi, Mungu yuko wapi. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza kama nimekula. Macho yangu msahafu hayauoni tena, kwa hivyo kila usiku nasoma Qul huwallahu mara tatu, tumeambiwa kuisoma mara moja ni thuluthi ya Qurani. Nikifika Allahu Samad husita kidogo. Mkusudiwa. Wote tunamwendea na haja zetu na Yeye hana haja ya mtu. Mbarouk, hilo alinifunza baba yako, wewe hujazaliwa. Atakayesema Jumapili aseme hilo moja, polepole, watoto wasikie. Na huyo mkwe wa Maskati akae ubavuni pangu."

Ami Mbarouk 22:31
Nisamehe mama.

Yussuf 22:33
Nisamehe Bibi. Asubuhi nakuja.

Rukia 22:35
Kasema uje na mkate wa ufuta.

Da Zuhura 22:40
Sawa. Samad. Ami au Yussuf?

Ami Mbarouk 22:44
Aseme Yussuf, ana lugha ya hawa wa siku hizi.

Yussuf 22:46
Haiwezekani ami upo halafu niseme mie.

Da Zuhura 22:47
Mwaka jana mlinyang'anyana kipaza sauti. Leo mnasukumiana.

*Ijumaa*

Maryam 06:50
Khalid kaamka na jingine. Lam yalid walam yuulad, kama hakuzaliwa kaanza lini? Nimemwambia Jumapili utajibiwa. Na nani, sijui.

Khamis 07:15
Hiyo ni Qidamu, sifa ya pili. Hana mwanzo. Hiyo naijua, nilichapwa kwayo.

Da Zuhura 07:16
Basi Jumapili sema wewe.

Khamis 07:16
Mie naleta nyama kilo 5.

Da Zuhura 07:17
Zimebaki 10.

Shangazi Tatu 13:25
Waalaykum salaam. Ni Jumapili hii au ijayo?

Ami Mbarouk 13:40
Zuhura nitumie namba ya kulipia turubali.

Da Zuhura 13:41
Ile ile ya mwaka jana ami.