Narudia The Wheel of Time, nimekwama kitabu cha 10: niruke au nikaze?

Mla Kurasa:
Habari za humu wakuu. Naomba ushauri kwa mliowahi kurudia The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za kichawi wa Robert Jordan. Tahadhari: nitataja mambo ya mpaka mwisho, kwa hiyo kama bado unasoma, pita kwanza.

Mzunguko huu wa pili una raha yake. Kitabu cha kwanza, kile cha 1990, Min, msichana anayeona ishara za yajayo, anawatazama vijana wetu na kutaja anayoyaona: kwa Mat, jicho juu ya mizani, kwa Rand, wanawake watatu wamesimama penye jeneza, naye ndiye aliyelala. Zamani nilipita tu hapo. Sasa najua jicho hilo linatolewa kitabu cha 13! Nilifunga kitabu nikazunguka chumbani. Halafu vichekesho: Rand anaamini Perrin ndiye anayejua kuongea na wasichana, Perrin anaamini ni Rand, na wote wawili hawajui kitu. Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Shida ni kitabu cha 10. Rand na Nynaeve wamesafisha saidin, ile nguvu ya kichawi ya wanaume iliyochafuliwa, mwishoni mwa cha 9, tukio kubwa kuliko yote mpaka hapo. Nafungua cha 10, kila mhusika yuko mahali pake anageuka kuangalia upande ule ule, anashtuka, anajiuliza ni nini, sura inaisha. Anakuja mwingine, naye anageuka. Rand mwenyewe haonekani ila kidogo sana. Niruke?

Kobe wa Maktaba:
Ruka mkuu, kwa moyo mweupe. Ila usimruke Mat, yuko na Tuon kwenye ile sarakasi ya safarini, na hapo ndipo penye uhai. Wala usiruke Egwene anapokamatwa karibu na mwisho, maana vituko vyake vyote vya White Tower, makao ya wale wanawake wenye uchawi, Aes Sedai, vinaanzia pale.

Bibi Riwaya:
Mimi napinga, mwanangu. Sifa mbaya ya kitabu hicho ilitoka kwa watu waliosubiri. Cha 8 kilitoka 1998, cha 9 mwaka 2000, cha 10 mwaka 2003. Faile ametekwa mwishoni mwa cha 8, na Perrin hampati mpaka cha 11, mwaka 2005. Hebu fikiria, miaka saba mtu anamtafuta mkewe! Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosubiri na nilikasirika kweli kweli. Wewe unacho cha 11 mkononi. Ukimaliza cha 10 usiku, asubuhi unaendelea. Nilipokirudia bila kusubiri, niliona Jordan anaonyesha kila mtu amechoka na vita havijaanza. Kina uzito wake.

Na cha 11 ndicho cha mwisho alichokimaliza mwenyewe kabla ya kufariki 2007. Mimi siwezi kuruka hata ukurasa wa mtu huyo.

Msuko wa Nynaeve:
Dada yetu Nynaeve anauvuta msuko kuanzia kitabu cha kwanza, na bado unafika cha 13 ndipo uungue kwenye mtihani wa Aes Sedai. Nywele imara hizo.

Ushauri wangu: cha 10 kisikilize. Michael Kramer na Kate Reading wamesoma mfululizo mzima, Michael sura za wanaume, Kate za wanawake. Elayne akiingia bafuni tena, wewe unaendelea kufua nguo zako na hadithi inasonga. Ukifika kwa Mat, kaa chini.

Mla Kurasa:
Shikamoo Bibi Riwaya, hoja ya kusubiri imeniingia. Nilikuwa nakilaumu kitabu kwa hasira za watu wengine. Nakisikiliza kizima basi, na sura za Mat nitazisoma kwa macho. Swali dogo: kile kifupi cha utangulizi, New Spring, nikiweke wapi? Wengine wanasema kabla ya vyote.

Bibi Riwaya:
Marahaba. Kabla ya vyote hapana, hasa kwa mgeni, kinafichua mengi kuhusu Moiraine, yule Aes Sedai, na mlinzi wake Lan. Kisome baada ya cha 10, ndivyo kilivyotoka, 2004. Moiraine umemkosa tangu mwisho wa cha 5, hapo utamkuta kijana, mkali, na kinakwisha haraka. Ukitoka hapo cha 11 kinakuwa mteremko.

Kobe wa Maktaba:
Hapo kwa New Spring nakubaliana na bibi. Cha 10 bado naruka.