Tupeane uzoefu: GM alipokuvunjia silaha katikati ya pambano

Mpini Mtupu (mleta mada)
Wakuu, juzi kwenye meza yetu ya mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika zimwi limeng'ata shoka la mwenzetu, likabaki mpini. Hakuna dadu iliyorushwa, GM (game master, msimamizi wa mchezo) katamka tu "limekatika". Mpaka leo kundi halielewani. Yamewahi kuwakuta? GM ana haki ya kumvunjia mchezaji silaha, au ni uonevu?

Chuma Chakavu
Umenitonesha kidonda. Sisi tulicheza Dungeons & Dragons toleo la 3.5, lile la 2003, ambalo lina kanuni kamili ya kuvunja silaha. Mnashindanisha rusho za dadu, mshambuliaji akishinda anaipiga silaha yako badala ya kukupiga wewe. Upanga mrefu wa kawaida una ugumu 10 na uhai 5, kwa hiyo pigo la 15 linaumaliza. Mtu mwenye nguvu na shoka kubwa anaipata 15 bila jasho.

GM wetu alipokigundua hicho kipengele, basi tena. Kila jambazi, kila mlinzi wa lango, wote wamehitimu kuvunja panga! Mimi ndiye mpiganaji, nikadunduliza hazina nikapata upanga wa uchawi wa +2. Ugumu 14, uhai 25. Nikajiona nimefika. Pambano lililofuata akaleta jitu lenye shoka la adamanti, madini ya kubuni magumu mno, na adamanti haijali ugumu wowote ulio chini ya 20. Pigo la kwanza likala 19, la pili likamalizia. Nilimaliza pambano nikirusha mawe, watu wanasubiri zamu yangu ipite haraka waendelee na mchezo. Na hilo shoka la jitu? Saizi yake nani angelibeba?

Kilichoniuma zaidi: mezani kulikuwa na mchawi, na kitabu chake cha uchawi hakikuguswa kampeni nzima. Si moto, si maji, si mwizi.

Kofia Ndefu
Kitabu cha mchawi hakiguswi. Nacheza mchawi, nathibitisha.

Dadu ya Mkosi
Afadhali nyie mlikuwa na kanuni. Kwetu ukirusha 1 kwenye dadu ya pande 20, silaha imevunjika, kwisha habari. Sasa pigeni hesabu. Mpiganaji wa leveli ya kwanza anapiga mara moja kwa zamu, hatari yake ni asilimia 5. Kwa toleo la D&D la 2014 akifika leveli ya 20 anapiga mara nne, na uwezekano wa kupata angalau 1 moja katika zamu unapita asilimia 18. Yaani bingwa anavunja panga kuliko kuruta! Mchawi naye analipua chumba kizima bila kurusha dadu ya kushambulia.

Kofia Ndefu
Tena nathibitisha.

Mzee wa Pazia
Wachezaji mnadeka. Mimi ni GM na ninavunja. Kama silaha haivunjiki, nani atabeba kisu cha akiba? Ulimwengu wa Dark Sun wa 1991, wa D&D hiyo hiyo, chuma ni adimu, watu wanapigana kwa mifupa na mawe, na kuvunjika ndio utamu wenyewe. Mbona HP, pointi zenu za uhai, zikipungua hamlii?

Dadu ya Mkosi
HP nikilala zinarudi. Upanga nao nikilala unarudi?

Chuma Chakavu
Na Dark Sun kila mtu anaambiwa kabla hajaketi. Wewe unawaambia lini?

Mzee wa Pazia
Ukishavunjika ndio nimekwambia.

Binti Ala
Ngoja niwape yetu. Mwenzetu mmoja, mhusika wake alikufa akimkinga mpiganaji. GM akakubali roho yake ihamie kwenye upanga wa huyo mpiganaji, na mwenzetu akaendelea kucheza hivyo hivyo, upanga unaoropoka. Alikuwa na maneno kuliko sisi sote wenye miguu.

Siku moja tumeshuka pangoni, likatokea dubwana la kutu, lile linaloozesha chuma na kukila. Mpiganaji kalipiga kabla hatujamshika mkono. Upanga ukaanza kuliwa, mapigo yake yakashuka -1. Kapiga tena, -2. Upanga unapiga kelele "we mjinga, ni mimi huyu!" na sisi tumeshika mbavu. Ilipofika -5 GM akanyamaza kidogo, halafu akasema umekwisha, umebaki unga mwekundu sakafuni. Kicheko kikakata. Mwenzetu akakusanya dadu zake, akatoka.

Mzee wa Pazia
GM wenu kachemka. Upanga wenye roho ni wa uchawi, na dubwana la 2014 haliozeshi chuma chenye uchawi.

Kutu ya Zamani
Mkuu, toleo la kwanza la AD&D, ile D&D ya zamani, lilikuwa linaozesha hata vya uchawi. Kila + moja ilikupa asilimia 10 tu ya kusalimika.

Mzee wa Pazia
Nani kasema walicheza AD&D? Hiyo ya -1 mpaka -5 umeiona kwenye AD&D?

Dadu ya Mkosi
Acheni kanuni zenu. Binti Ala, alirudi?

Chuma Chakavu
Tunasubiri hapa.

Binti Ala
Alirudi. Kasimama mlangoni kauliza, "Ule unga nani kaula?" GM akasema dubwana, maana hicho ndicho chakula chake. "Basi roho yangu iko tumboni mwake." GM kakuna kichwa, kakubali. Toka hapo mwenzetu anacheza dubwana la kutu linaloongea. Sisi wengine tumebaki na marungu ya mbao na deraya za ngozi, maana likishikwa na njaa halijui rafiki.

Kofia Ndefu
😂😂 Hii ianzishiwe uzi wake.

Kutu ya Zamani
Na dubwana lenyewe asili yake ni kinyago cha plastiki alichokiokota Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa D&D, kwenye mfuko wa midoli.

Fundi Nyundo
Narudi kwenye mada. Usivunje, pinda. Mpe -1 mpaka afike kwa mhunzi. Au mjifunze ule uchawi mdogo wa kuunganisha, unaziba ufa usiozidi futi moja, ila kifaa cha uchawi kikishapoteza nguvu haukirudishii.

Dadu ya Mkosi
Au cheza mtawa wa ngumi. Waje wavunje mkono.

Mzee wa Pazia
Usinipe mawazo.

Chuma Chakavu
Badilisheni GM.

Mzee wa Pazia
Binti Ala, hilo dubwana lenu linatumia takwimu zipi? Nitumie, Jumamosi naendesha mimi.