Datsun 240Z ya marehemu baba: nianze na sakafu iliyooza au injini iliyokwama?

DadaWaZamu, Nakuru

Hamjambo wenzangu. Swali hili nimezunguka nalo tangu mvua za Aprili, naomba mnisome hadi mwisho.

Mimi ni muuguzi, naishi Lanet. Nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, kuna Datsun 240Z ya mwaka 1972 aliyoniachia marehemu baba. Aliinunua kwa mkulima mmoja wa Molo nikiwa darasa la pili, lakini alikuwa ameitamani tangu utotoni. Mwaka 1971 babu alimpeleka kando ya barabara kutazama mbio za magari za Safari, na gari walilolishangilia wakiwa wamefunikwa na vumbi lilikuwa 240Z ya Edgar Herrmann, ambayo ndiyo iliyoshinda mwaka ule. Sisi watoto wake tulikua tukisikia habari hiyo kila Pasaka. Baba alikuwa akiacha kula ili atuigie mlio wa zile silinda sita, na mama alimngoja amalize ndipo amwongeze chai.

Gari limesimama tangu 2011. Jumamosi iliyopita nilitoa zulia la upande wa dereva. Lilikuwa zito kama blanketi lililotoka kwenye beseni. Nilisukuma bisibisi kwenye sakafu, ikapenya bila kupingwa, na nilipoichomoa nikaona nyasi kupitia tundu lile. Kisha nikafungua pale chini ya waipa, mbele ya kioo. Majani ya mparachichi yamejaa humo hadi yamegeuka udongo mweusi, na ndani yake umeota mche wenye majani mawili.

Kizingiti cha mlango ndicho kilichoniumiza zaidi. Baba alimlipa fundi mmoja akizibe, pesa za maziwa za miezi miwili. Juzi nimekigonga kwa mpini wa nyundo, rangi ikabanduka, na chini ya fila, ule udongo wa kuzibia bodi, nikatoa gazeti lililosokotwa. Baba alikufa akiamini kwamba kizingiti kile ni bati.

Injini nayo haigeuki. Nilivisha spana ile bolti kubwa ya puli ya mbele nikaning'inia kwa uzito wangu wote. Haikutikisika.

Sasa kuhusu muda. Nina zamu za usiku wiki moja na za mchana wiki inayofuata, watoto wawili wa shule, na mama yuko Njoro, ana presha, lazima nimpeleke kliniki kila mwezi. Nikijumlisha napata kama saa tano kwa wiki, tena hazifuatani: moja hapa, mbili pale. Pesa naweza kutenga shilingi elfu nane kwa mwezi. Fundi wa mtaani ananishauri nitoe injini, nivunje gari lote, nimpelekee bodi. Kaka yangu anasema tuuze. Mimi kuuza siwezi.

Nianze wapi? Na je, nivunje lote?

FundiWaDunga, Kisumu

Pole sana kwa mzee, dada yangu. Nimeshika injini za Datsun tangu nikiwa kijana wa kuosha spana, kwa hiyo nitasema ninalolijua kwa mikono.

Usivunje lote. Nimeona magari mazuri yakifia kwenye magunia. Mtu anafungua kila kitu kwa wiki mbili akiwa na moto, kisha ada ya shule inaingia, kisha matanga, na akirudi baada ya mwaka hajui bolti ipi ilitoka wapi. Wewe mwenye saa moja moja ndiye hasa hupaswi.

Anza na injini, na nitakwambia sababu. Injini iliyokwama hailegezwi kwa nguvu, inalegezwa kwa kulowekwa, na kulowekwa kunaendelea wewe ukiwa wodini. Toa plagi zote sita. Changanya oili ya gia boksi ya otomatiki na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu katika kila silinda, kisha funika matundu kwa kitambaa safi. Ukirudi kutoka zamu, ongeza kidogo. Baada ya wiki moja jaribu spana, mbele kidogo, nyuma kidogo, bila kuning'inia. Ikikataa, ongeza tena ungoje. Usithubutu kutumia stata. Stata itavunja ringi ya pistoni ambayo ingelegea yenyewe siku ya kumi.

Jambo la kukutia moyo: injini yako ni L24, cc 2,393. Kipenyo cha silinda ni milimita 83 na mwendo wa pistoni ni 73.7, sawasawa na L16 ya Datsun 1600, ila yako imeongezwa silinda mbili. Kwa hiyo usimtafute fundi wa 240Z, utazeeka. Mtafute mzee aliyezoea zile 1600.

Kabureta zako ni mbili, Hitachi. Usizifungue bado. Ondoa kisafisha hewa, ingiza kidole, inua ile pistoni ya ndani kisha uiachie. Ikishuka na kugonga "tok", imepona. Ikishuka kwa kusuasua au ikibaki juu, petroli ya zamani imekauka humo na kuwa gundi. Andika kwenye daftari tu, utalirudia.

Mchomeleaji_Eldoret

Kwa injini nakubaliana na kaka wa Kisumu. Lakini dada, huyo fundi anayetaka umpelekee bodi muulize swali moja kwanza: atalishikilia gari na nini akikata sakafu?

240Z haina chasisi ya kujitegemea kama pikapu. Sakafu, vizingiti na zile reli zilizochomelewa chini yake ndizo zinazobeba uzito. Ukikata sakafu pande zote mbili kwa pamoja, gari linapinda katikati, na utaligundua siku ambayo mlango umekataa kufunga. Kwa hiyo: lisimame sawa, limepimwa kwa pima maji. Chomelea bomba la mraba kwenye nafasi ya mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Pima pengo la mlango juu na chini, uandike. Kata upande mmoja, maliza upande huo kabisa, ndipo uende wa pili.

Tumia bati jeusi la geji 18. Wengi watakushauri mabati ya paa kwa kuwa yanapatikana rahisi. Kataa. Yale yana zinki, na zinki ikichomwa inatoa moshi unaoleta homa na kifua kubana. Wewe ni muuguzi, unaelewa.

Tena chungulia chini ya betri. Asidi hudondoka pale miaka na miaka na kula reli ya mbele. Gonga kwa nyundo ndogo usikilize. Bati zima linalia kama sufuria, bovu linajibu kama kadibodi.

Mwalimu_Kakamega

Kabla ya hayo yote, litoe chini ya mparachichi. Majani yale yameziba mifereji ya kutoa maji mbele ya kioo, ndiyo maana maji yakaingia ndani na sakafu ikaoza. Ukichomelea bati jipya huku mti ungali juu, unampa kutu chakula kipya. Tafuta nguzo nne na turubai wikendi hii.

DadaWaZamu, Nakuru

Asanteni, kwa dhati. Mwalimu, uliposema mti nilikaa kimya kwa muda. Baba mwenyewe aliliegesha pale akidhani kivuli kinalilinda.

Majirani watano walinisaidia kusukuma. Breki za nyuma zilikuwa zimeng'ang'ania, tukalazimika kuinua kwa jeki na kugonga ngoma za breki hadi zikaachia. Sasa liko chini ya turubai upande wa jikoni. Nimeung'oa ule mche na kuupanda kwenye kopo, maana mwanangu mdogo alikataa tuutupe.

Nimegonga chini ya betri. Kadibodi.

Swali kwa fundi wa Dunga: silinda ya tano inakunywa mchanganyiko wote kwa usiku mmoja, nyingine zinabaki na unyevu. Niogope?

FundiWaDunga, Kisumu

Usiogope bado. Huenda ringi za hiyo zimeshalegea, au valvu imebaki wazi. Fungua kifuniko cha juu utazame kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, uone valvu za silinda hiyo zimekaaje. Endelea kuloweka.

DadaWaZamu, Nakuru

Wiki ya tatu. Nimetoka zamu ya usiku leo saa moja asubuhi, nikapitia turubai kabla ya kuingia nyumbani. Binti yangu alikuwa hajaenda shule bado, akanishikia tochi. Nilivuta spana taratibu kama mlivyosema, mbele, nyuma, mbele. Kitu kikalia "kk" ndani, nikadhani nimevunja. Kisha puli ikasogea. Alama niliyoichora kwa chaki ilikuwa imehama upana wa vidole viwili.

Nimerudisha, nimesogeza tena, vidole vitatu. Nimeongeza mafuta, nimefunika, nimeandika kwenye daftari. Nimempigia mama Njoro kumwambia, akaniuliza kama inalia vile baba alivyokuwa akiigiza. Nimemwambia bado.

Mchomeleaji wa Eldoret, wiki ijayo niko zamu za mchana na Jumamosi nina saa tatu. Lile bomba la mraba la mlangoni, ninunue la inchi ngapi?