Baiskeli kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kuwachangia wagonjwa wa saratani: naomba ushauri

Mwana wa Kilosa:
Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu anatibiwa saratani ya mlango wa kizazi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, na katika kumsindikiza kwenye mionzi nimefahamiana na akina mama kutoka Kigoma na Rukwa ambao kinachowatesa zaidi ni nauli na mahali pa kulala, kwa kuwa mionzi hutolewa siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Nimeazimia kuwachangishia fedha kwa kuendesha baiskeli hadi Dodoma mwezi Julai. Baiskeli ya gia ninayo, lakini kwa kawaida huishia Kibaha na kurudi.

Kanyagio:
Julai ni mwezi mzuri, kwani masika yatakuwa yamekwisha na kusi itakusukuma mgongoni sehemu kubwa ya njia. Hizo ni kilomita 450 hivi, na Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo vilima vya Gairo utavikuta miguu ikiwa imeshachoka. Lala Chalinze, Morogoro na Gairo. Ninachokihofia zaidi ni malori kabla ya Morogoro, ambako ya Zambia na ya Rwanda bado hayajaachana njia. Ukisikia honi nyuma huku lori jingine likija mbele, shuka kwenye changarawe bila ubishi.

Nesi Mstaafu:
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Kabla ya kuchapisha fulana na mabango, mwulize mama kama anaridhia ugonjwa wake utangazwe, maana wapo wanawake ambao hata mawifi zao hawajui wanaumwa nini. Akiridhia, kila utakaposimama wakumbushe wazazi habari ya chanjo ya wasichana dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo ya mlango wa kizazi, ambayo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018. Hilo nalo ni mchango.

Mhasibu:
Fedha zisipite kwenye simu yako hata kidogo. Zungumza na uongozi wa taasisi ili michango iingie moja kwa moja kwenye akaunti watakayokupa, na ulizia kibali cha kuchangisha katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Chakula, malazi na mafuta ya gari la kukusindikiza ujilipie au utafute mfadhili, na ulitangaze hilo mapema, kwa sababu watu wamechoka kuchangia safari za wachangishaji.

Mwana wa Kilosa:
Nawashukuru sana. Mama ameridhia, ila picha yake isionekane popote. Kanyagio, tairi zangu ni nyembamba, za mashindano, je, zitafaa?

Kanyagio:
Hazifai kwa kushuka kwenye changarawe. Mwombe fundi akufungie pana kadiri fremu inavyoruhusu, kisha ujaribu kwanza hadi Chalinze ukiwa na mizigo yote.