Mthamini kaandika vyumba vyote sita vimepangishwa, nifanyeje?

Mama_Swabra: Habari zenu ndugu zangu, naomba ushauri usingizi umenikatika. Marehemu mama alituachia nyumba ya vyumba sita, mimi na watoto tunakaa viwili vya mbele, vinne vya nyuma nimepangisha 80,000 kila kimoja kwa mwezi. Juzi mthamini wa mji, yule anayekadiria nyumba kwa ajili ya kodi, alikuja niko sokoni, akamkuta mwanangu wa darasa la nne akamuuliza vyumba vingapi, mtoto akasema sita, basi akaandika namba kwa chaki kwenye geti akaondoka. Sasa orodha ya uthamini imebandikwa nimeandikiwa vyumba sita kwa 150,000 kila kimoja kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka! Mimi hata wapangaji wote wakilipa napata 3,840,000. Na si nalipa kodi URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, tayari?

Mzee_wa_Mpakani: Pole sana mama. Ya URA ni ya mapato ya pango, 12% ya kinachozidi 2,820,000 kwa mwaka, hii ni kodi ya majengo ya mji wenyewe, sheria ya 2005. Hawaangalii nyumba ingeuzwa bei gani, wanaangalia ingepangishwa kwa ngapi kwa mwaka, wanatoa gharama za kuitunza, kinachobaki ndo kinapigwa asilimia, Kampala ni 6, sheria hairuhusu kuzidi 12. Ukinyamaza hiyo hesabu itakufuata mwaka hadi mwaka.

boda_K: mpe kitu kidogo yaishe

Mzee_wa_Mpakani: Usimpe! Orodha ishatoka, yeye peke yake hawezi kuifuta. Andika pingamizi liende mahakama ya uthamini, tena upesi, hizo siku zinahesabika. Peleka risiti za pango, na uulizie majirani wenye vyumba kama vyako wanapangisha ngapi, maana hiyo 150,000 sijui kaitoa mtaa gani.

Hajati_Z: Na vile viwili unavyolala usiviache humo dada yangu, makazi ya mwenye nyumba yamesamehewa. Nenda na mwenyekiti wa mtaa (LC1) aseme unakaa hapo.

Mama_Swabra: Allah awalipe. Tangazo linasema siku 30, zimebaki 11, Jumatatu asubuhi naenda. Kitabu cha risiti nimekipata kabatini, mwandiko wa mama unafika ukurasa wa katikati halafu unaanza wangu, na kila mwezi ni 80,000, kabla yangu ilikuwa 70,000.