Mgeni ni nani Kariakoo?

Mdau wa Narung'ombe: Tangu ile amri ya serikali ya Tanzania ya Julai 2025 iliyowakataza wasio raia kufanya biashara 15 (rejareja, miamala ya simu, ufundi simu, saluni n.k.), naona tunashangilia tu. Tujadili kwa utulivu. Mchina anayeuza mabegi mtaa wa Kongo, wanawe wanacheza rede na wetu, huyo ni mgeni kwa kiasi gani? Na sisi tunaofunga mzigo Guangzhou, China, kule ni nani?

Kambale Mkunjufu: Mgeni ni mgeni. Mwekezaji ajenge kiwanda, siyo kukaa kibarazani anauza soksi jozi mojamoja. Bei ya kiwandani anayo yeye, halafu anashindana na machinga!

Fundi Simu Aggrey: Mkuu, mbona humtaji Mbongo aliyempa fremu ya duka na leseni? Amri inamgusa naye: faini milioni 5 au miezi mitatu ndani.

Mama Wawili: Kelele zote hizo, na harusini mnatinga vitenge vya China mkijiita Waafrika halisi.

Kambale Mkunjufu: Dada, vitenge usiguse. Mama yangu kavaa vya kiwanda cha Urafiki, pale pale Ubungo. Vya nyumbani!

Mama Wawili: Hahaha! Urafiki ilijengwa kwa msaada wa nani, kaka? Wachina hao hao, miaka ya sitini.

Mzee Kibarazani: Wanangu, hivyo vitenge vya wax Waholanzi waliiga batiki ya Java. Chetu ni khanga.

Binti Forodhani: Babu, na khanga zilichapwa India, Uingereza, mpaka Japani. Chetu ni yale maneno ya kumsuta jirani.

Wanjiku wa Arusha: Mnabishana nguo na sisi tumeumia. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki liko tangu 2010, mimi niko na saluni hapa, na amri imeniweka kapu moja na Mchina.

Kambale Mkunjufu: "Niko na saluni" ndiyo Kiswahili gani? Wakenya bwana.

Wanjiku wa Arusha: Wateja wangu wananielewa vizuri sana wakidai kupunguziwa bei.

Mdau wa Narung'ombe: Jamani, turudi kwenye mada. Aprili 2020, wakati wa korona, Waafrika kule Guangzhou walitolewa mahotelini na kwenye nyumba walizopanga. Wenye viza halali wakalala barabarani. Tulipiga kelele za ubaguzi, au tumesahau?

Kambale Mkunjufu: Unafananisha kulala barabarani na kuzuiwa kuuza soksi? Mchina hapa hajalala nje hata siku moja.

Mdau wa Narung'ombe: Sijasema ni sawa. Nasema kule hawakuangalia karatasi, waliangalia sura. Hapa tunaangalia nini?

Binti Forodhani: Na hiyo wax nzito siku hizi mnachukulia wapi? Ya mwisho niliyonunua imechuja nguo zote kwenye beseni.

Mama Wawili: Njoo inbox mpenzi.

Fundi Simu Aggrey: Naona mwenye fremu mnamkwepa. Kachukua hela ya kilemba kwa Mchina ili ampe fremu, kapandisha kodi, wabongo watatu tukahama. Leo huyo huyo anashangilia amri.

Kambale Mkunjufu: Mwenye fremu mwacheni. Kajenga kwa jasho lake, ampangishe amtakaye.

Mzee Kibarazani: Kambale mwanangu, kwani una fremu ngapi?

Kambale Mkunjufu: Hilo nje ya mada, mzee. Tulikuwa kwenye vitenge.