Tupeane uzoefu: Baada ya kidato cha sita, je, chuo kikuu ndiyo njia sahihi kwa kila mmoja?

Ndugu wanachama, salaam. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, familia nyingi hubaki na muda mfupi wa kuamua kabla madirisha ya udahili na ya mikopo hayajafungwa, na katika haraka hiyo kijana huulizwa ataingia chuo kipi kabla hajaulizwa anataka kufanya kazi gani. Mdogo wangu aliyesoma PCM (fizikia, kemia na hisabati) amevuka pointi 4.0 zinazotakiwa kwa shahada. Wazee wanataka asomee uhandisi chuo kikuu, naye anasema moyo wake uko kwenye ufundi wa umeme.

Mimi ni mwalimu. Nilisubiri ajira kwa muda mrefu, huku nikifundisha shule binafsi kwa mshahara mdogo, lakini kufundisha kidato cha tano na sita, kama nilivyotaka, kunahitaji shahada, kwa hiyo njia ya chuo kikuu ilinifaa. Naamini mtu aanze na kazi, kisha aulize ni cheti gani kinachomfungulia mlango wake. Naomba kila mmoja aeleze aliyoyapitia mwenyewe.

Fundi umeme, Mwanza:
Ndugu mleta mada, mimi niliishia kidato cha nne, nikajiunga na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kusoma ufundi umeme hadi ngazi ya tatu. Ada haikuwa kubwa. Kilichotuelemea nyumbani ni vifaa. Nilipomaliza nilifanya kazi chini ya fundi mwingine, nikichimba kuta na kulaza mabomba ya nyaya kabla ya lipu, na kila nyumba ilipokamilika, fomu ya kuombea umeme TANESCO ilihitaji muhuri wa mwenye leseni, naye ndiye aliyechukua sehemu kubwa ya malipo. Hapo nilielewa kwamba ujuzi wa mikono bila karatasi humfanya mtu awe kibarua miaka yote. Niliomba leseni kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, nayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu wa mwombaji, na leo kazi naichukua kwa jina langu.

Naomba wazee wasiione VETA kuwa kimbilio la waliofeli. Asiyejua kukokotoa mzigo wa umeme na unene wa waya unaoweza kuubeba atakuja kuunguza nyumba ya mtu. Wakati huohuo, mdogo wako ajue kwamba kipato hiki hakiji kwa uhakika kila mwezi: masika ujenzi hupungua, na michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, najilipia mwenyewe.

Mhitimu wa shahada, Dodoma:
Nilisomea usimamizi wa biashara kwa kuwa pointi ziliniruhusu. Mkopo wangu haukugharamia ada yote, na pengo lililobaki mama alilijaza kwa kuuza mahindi aliyokuwa ameyaweka akiba. Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, lilipochelewa, tulichanga unga na maharage chumbani, na aliyekuwa na jiko la gesi ndiye aliyetupikia sote. Baada ya kuhitimu nilijitolea kwanza, ndipo nikaajiriwa, na tangu hapo asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa kabla haujanifikia. Nashukuru kwamba tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, ila deni lenyewe linaendelea. Kazi yangu naipenda. Ninachowasihi wazazi ni kwamba, kabla kijana hajathibitisha udahili, wakae naye na kuandika ada, kodi ya chumba na chakula kwa miaka yote ya kozi, kwa sababu wengi hupiga hesabu ya mwaka wa kwanza peke yake.

Mwanachama, Nakuru:
Huku Kenya gredi huamua mapema, kwani shahada huhitaji C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Nilipata C, nikasomea diploma ya ujenzi, na sasa nasimamia kazi za majengo.

Muuguzi, Iringa:
Naona tunazungumza kana kwamba ukichagua njia moja nyingine inafungwa. Baada ya kidato cha nne nilisoma stashahada ya uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu, nikapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, nikafanya kazi wodi ya wazazi, kisha nikaomba shahada kwa stashahada hiyohiyo. Sharti lilikuwa GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0, kwa hiyo aliyeko stashahada asisome kwa lengo la kufaulu tu. Darasani, wenzangu waliotoka kidato cha sita walinizidi katika kemia. Mimi nilikuwa nimeshamhudumia mama anayetokwa damu nyingi usiku, daktari akiwa bado njiani, na mihadhara mingi niliielewa kwa sababu hiyo.

Kwa mdogo wako, mleta mada, ningeangalia stashahada ya uhandisi wa umeme katika vyuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, ambako atashika vifaa mapema, na akitaka shahada baadaye, ataiomba kwa stashahada hiyo. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, hivyo asome mwongozo wa mwaka huu aone kama fani yake imo, na awaoneshe wazee ukurasa huo kabla dirisha halijafungwa.